Mnana wa Kilifi

Mnana huyu hapatikani po pote duniani ila pwani ya Kenya, katika misitu ya Arabuko-Sokoke na Dakatcha. Dume ana kichwa na kifua cheusi, na tumbo la manjano. Jike hana weusi huo kichwani. Hutembea kwa makundi juu ya mirihi wakitafuta wadudu.

Wataalamu walimwandika mwaka 1913, lakini mahali anapotagia hapakujulikana hata 2013, miaka 100 baadaye! Walikuwa wakitazama mitini; kumbe hujenga viota katika majani ya kinamasi cha Dakatcha, baada ya mvua. Basi kuhifadhi mirihi isikatwe makaa hakutoshi: kinamasi nacho kikilimwa, atakosa mahali pa kuzalia.