Je, Wajua? Dakika 16,777,216 za LUKU na Amri Nyingine Zisizopigiwa Kura

Mwaka 2024 kila mwenye mita ya umeme ya LUKU, awe Maramba chini ya milima ya Usambara Mashariki au Masaki ufukweni Dar es Salaam, alipewa kibarua kisicho cha kawaida. Aliponunua umeme zilimjia tarakimu 60 badala ya 20 alizozoea. Mafungu mawili ya mwanzo hayakuwa na uniti hata moja. Ilibidi ayabonyeze moja baada ya jingine, asubiri mita ikubali, ndipo aingize fungu la tatu lenye umeme alioulipia. Shirika la umeme, TANESCO, lilitangaza kuwa mwisho wa zoezi ni 24 Novemba 2024, na kwamba mita itakayokuwa haijaboreshwa baada ya hapo haitapokea umeme tena.

Neno lililotumika lilikuwa "maboresho". Hadithi yenyewe ni tamu zaidi, na inaanzia Afrika Kusini.

Je, wajua kuna nini ndani ya tokeni?

Mita ya kawaida ya LUKU haiwasiliani na ofisi yoyote. Haijui kama umelipa, haijui leo ni tarehe ngapi. Yote inayoyajua huyapata kwenye zile tarakimu 20 unazobonyeza: ni uniti ngapi, zimetolewa kwa ajili ya mita ipi, na zilitolewa dakika gani. Hiyo dakika ndiyo inayozuia tokeni moja kutumika mara mbili. Mita hukumbuka tokeni za karibuni ilizokwisha kula, na inayokuja ikiwa na dakika ya zamani mno hukataliwa, kama mlinzi wa harusi anayeirudisha kadi iliyokwisha kuchanwa.

Mafundi waliotunga kiwango hiki Afrika Kusini waliamua dakika zihesabiwe kuanzia 1 Januari 1993, na hesabu hiyo wakaitengea biti 24, yaani nafasi 24 za sifuri na moja. Biti 24 zinabeba namba 16,777,216. Zigeuze dakika hizo kuwa miaka: 31, na karibu miezi kumi na moja juu yake. Ndiyo hiyo 24 Novemba 2024. Kupita hapo hesabu inarudi sifuri, na tokeni mpya kabisa ingeonekana machoni pa mita kuwa imetolewa mwaka 1993.

Tusiwacheke mafundi hao. Walijua kwamba atakayeingiza namba ni mtu mwenye kidole, pengine gizani, pengine bila miwani. Kila biti ambayo wangeiongeza ingerefusha tokeni. Walipima urefu wa miaka na uvumilivu wa kidole, wakaishia kwenye tarakimu 20. Kiwango chao kikavuka mipaka, kikawa cha kimataifa, na makumi ya mamilioni ya mita duniani yakafungwa kwa kukifuata. Ndiyo maana zoezi la 2024 halikuwa la Tanzania peke yake. Nchi nyingi zilibonyeza tarakimu hizo 40 za ziada.

Kazi ya yale mafungu mawili ilikuwa kuibadilishia mita ufunguo wa siri na kuifutia kumbukumbu, ianze kuhesabu upya kutoka 1 Januari 2014. Piga hesabu tena: dakika zitaisha 24 Novemba 2045. Tarehe ile ile, mwezi ule ule. Kabla ya hapo, 19 Januari 2038, kompyuta za zamani zinazohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32 nazo zitafika ukomo wao.

Je, wajua kwa nini kodi ya jengo iko kwenye umeme?

Serikali imehangaika miaka mingi na kodi ya majengo. Kumtafuta mwenye nyumba, kuithamini nyumba, kumpelekea ankara na kumfuata asipolipa ni kazi ghali. Lakini LUKU ilikwishakuwepo, na kila mwezi watu walikuwa wanaifuata wenyewe. Agosti 2021 kodi hiyo ikahamishiwa humo: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 viwango vikapanda hadi 1,500 na 7,500.

Angalia kilichotokea. Sheria inamtaja mwenye jengo, lakini mfumo haumjui mwenye jengo, unaijua mita. Anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Sheria ikabaki ilivyo, ila mkatwaji wa kwanza akawa yule aliyeshika simu, na kudai arudishiwe ni shauri lake na mwenye nyumba. Nyumba moja yenye mita tatu ilitakiwa itolewe taarifa isikatwe mara tatu. Thamani ya jengo nayo haina nafasi humo: nyumba ya vyumba viwili na jumba la chini lenye vyumba kumi hulipa sawasawa, na mita haioni ukubwa wa sebule. Mimi naona hapa sera ilikatwa ikatosha mita, si mita ikatosha sera.

Mwezi mmoja kabla, 15 Julai 2021, tozo za miamala ya simu zilianza kwa mantiki hiyo hiyo, kutoka shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Pesa inayopita kwenye kompyuta huonekana, na kinachoonekana hukatika. Noti inayotoka mkono wa muuza hiliki kwenda wa muuza dagaa haina kompyuta ya kuiona. Watu wakalalamika, wengi wakarudi kwenye noti, na Septemba ya mwaka huo huo tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha zikapunguzwa tena mwaka uliofuata.

Tukiwa bado kwenye umeme: mteja mdogo wa majumbani hununua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na makato, mradi asizidishe 75 kwa mwezi. Uniti ya 76 huuzwa 350. Hakuna askari anayesimama mlangoni kukataza pasi, lakini mstari huo kwenye programu unafanya kazi ya askari. Muulize yeyote aliye kwenye daraja hilo. Atakwambia tarehe za mwisho wa mwezi jiko la umeme linapumzishwa.

Je, wajua ng'ombe anaweza kuongeza bei ya meseji?

Meseji ya simu ina herufi 160. Namba hiyo ilipendekezwa na Mjerumani Friedhelm Hillebrand katikati ya miaka ya 1980. Alikaa Bonn kwenye taipureta yake, akaandika sentensi na maswali ya kawaida, akahesabu, akaona 160 zinatosha binadamu kusema jambo lake. Chombo chenyewe kilikuwa na nafasi ya baiti 140 tu, zinazotosha herufi 160 zikibanwa kwenye alfabeti ndogo iliyokubaliwa.

Kiswahili kina bahati: herufi zake zote zimo kwenye alfabeti hiyo. Shida ni ile alama ya juu ya ng'ombe, ng'ambo na ng'oa. Ikiwa imenyooka, salama. Lakini simu na kompyuta nyingi za siku hizi huigeuza zenyewe kuwa alama iliyopinda, ipendeze, na iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu, meseji nzima huandikwa kwa alfabeti kubwa na nafasi hushuka kutoka 160 hadi 70. Kwa anayemtumia shangazi salamu si neno. Kwa mweka hazina wa kikundi anayetuma tangazo kwa wanachama 300 kupitia huduma inayotoza kwa kila meseji, ng'ombe mmoja aliyepindwa anaweza kugeuza bili kuwa mara mbili, hata tatu.

Je, wajua bipu ni mwanya wa mafundi?

Mtandao huanza kukutoza simu inapopokelewa, si inapoita. Utaratibu huo uliwekwa kwa haki ya mteja. Watu wa pwani na bara wakauona mlango uliobaki wazi: piga, iite mara moja, kata. Bila senti umesema "nipigie". Adabu nayo ikaota hapo hapo. Mwenye nacho ndiye hupiga. Kijana anayemchumbia binti hathubutu kumbipu. Mkubwa akibipiwa na mdogo wake anajua kuna shida, na hupiga. Baadaye kampuni zikaleta zenyewe ujumbe wa bure wa kuomba kupigiwa, maana kila bipu ilikuwa inashughulisha mitambo bila kulipa.

Je, wajua kwa nini nyota 150 nyota 00 reli haihitaji bando?

Menyu ya M-Pesa, iliyofika Tanzania mwaka 2008, hupita kwenye njia ambayo simu hutumia kuujulisha mnara kwamba ipo. Haihitaji intaneti wala simu ya bei. Gharama yake ni ufinyu: herufi 182 kwa ukurasa, na ukizubaa menyu inafutika. Ndiyo maana huduma zimepangwa kwa namba, kwa maneno mafupi mafupi, na iliyo namba 1 hutumika kuliko iliyojificha namba 8. Ndiyo maana pia wazee wengi humkabidhi wakala au mjukuu simu pamoja na namba ya siri. Wataalamu wa usalama wanakemea tabia hiyo, lakini aliyemaliza muda wa menyu mara tatu akitafuta miwani hana masikio ya semina.

Je, wajua namba ya NIDA inataka kujua siku uliyozaliwa, utake usitake?

Namba hiyo ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa; zinafuata tano za postikodi, tano za mfuatano, na mbili za mwisho. Kwa mkoa wa Tanga postikodi huanza na 21. Hakuna mahali pa kuandika "mwaka wa njaa kubwa" au "mvua zilipobomoa daraja". Bibi aliyeishi miaka themanini bila tarehe lazima apewe moja, na akishapewa ndiyo yake, benki na hospitalini.

Kuanzia 1 Mei 2019 laini za simu zilianza kusajiliwa kwa namba hiyo na alama za vidole. Mwisho ulikuwa 31 Desemba, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Hapo likajitokeza jambo ambalo watengenezaji wa mashine hizo wanalijua vizuri: vidole vya wazee na vya watu wa kazi za mikono husomeka kwa taabu, kwa kuwa mistari yake imesagika. Katika wilaya ya jembe na mkonge kama Mkinga, ilipo Maramba, hao si wachache.

Je, wajua saa ya Maramba kwenye kompyuta ni ya Nairobi?

Ukiiweka simu yako kwa Kiswahili, siku zitakuwa Jumatatu na Jumanne, lakini saa mbili usiku itaendelea kuandikwa 20:00. Siku ya mashine huanza usiku wa manane. Saa zetu za mchana huanza kuhesabiwa jua likichomoza. Tumeshazoea kutoa sita kichwani kiasi kwamba hatulioni tena kuwa jambo.

Lililofichika zaidi ni hili. Kompyuta na simu nyingi duniani hufuata orodha moja ya majira, na kanuni ya orodha hiyo ni kwamba miji ambayo saa zake hazijatofautiana tangu 1970 inaweza kuunganishwa. Kwa hiyo Dar es Salaam imebaki jina tu linaloelekeza kwenye Nairobi. Kwa leo hakuna anayepungukiwa. Historia ndiyo iliyowekwa pembeni: kumbukumbu za orodha hiyo hiyo zinaonyesha kuwa kwa miaka kadhaa, hadi mwisho wa 1960, saa ya Tanganyika ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45, si tatu.

Je, wajua Zanzibar ilitengewa namba yake ya nchi?

Kenya ni 254, Tanzania 255, Uganda 256. Namba 259 iliwekwa kwa ajili ya Zanzibar, haikutumika kamwe. Unguja na Pemba hupatikana kwa 255, na simu zao za mezani zina 024 pale ambapo Tanga, Kilimanjaro, Arusha na Manyara zina 027. Majirani watatu wana pia mlango wao wa uani, usiopita kwenye namba za kimataifa: Kenya hupigiwa kwa 005, Uganda kwa 006, Tanzania kwa 007. Aliyeko Horohoro akimtafuta mwenzake wa Lunga Lunga, ng'ambo tu ya kizuizi cha mpaka, anaweza kuanza na 005. Mwenzake akijibu, anaweza kuanza na 007.