Neno la daktari kortini lina uzito, lakini si hukumu

Mtoto anaponajisiwa, swali ambalo majirani huuliza kwanza ni hili: "Daktari amesema nini?" Wengi huamini kwamba daktari asipoona jeraha, basi hakuna kesi. Msomaji, imani hiyo ni potovu, na huenda ikamwacha mhalifu akitembea huru mtaani.

Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinairuhusu korti kupokea maoni ya mtu mwenye ujuzi maalumu wa kisayansi. Daktari aliyempima mtoto ni mmoja wao. Ataeleza alichokiona na maana yake kitaalamu. Lakini si kazi yake kuamua kama mtoto anasema kweli, wala kama mshtakiwa ana hatia. Hayo ni ya hakimu, ambaye pia halazimiki kufuata maoni ya daktari iwapo hayana msingi.

Fahamu pia kwamba mwili wa mtoto hupona upesi. Watoto wengi hupimwa na wasipatikane na alama yoyote, hasa siku kadhaa zikipita. Kukosekana kwa jeraha hakuthibitishi kwamba mtoto hakuguswa. Mwaka wa 2006, Mahakama ya Rufani mjini Mombasa ilisema kwamba ubakaji unaweza kuthibitishwa kwa maneno ya aliyetendewa, hata pasipo ushahidi wa kimatibabu. Na tangu marekebisho ya 2003, kifungu cha 124 cha sheria hiyo ya ushahidi kinairuhusu korti kumtia mtu hatiani katika kesi kama hizi kwa ushahidi wa mtoto pekee, mradi iridhike kwamba anasema kweli na iandike sababu zake.

Je, hii ina maana kwamba hospitali si muhimu? La hasha! Afya ya mtoto ndiyo ya kwanza, na ushahidi wa daktari huipa kesi nguvu. Kwa hivyo, zingatia haya:

Mpeleke hospitalini mara moja. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi sharti zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Usisubiri fomu ya P3 ndipo atibiwe.

Usimwogeshe wala usifue nguo zake. Zitie katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwani unyevu huharibu ushahidi.

Hospitali hujaza fomu ya PRC. Polisi hutoa P3, ambayo hujazwa na daktari au afisa wa kliniki. Hakikisha jina la aliyeijaza, sahihi na tarehe vinasomeka, kwa kuwa aghalabu yeye ndiye atakayeitwa kortini.

Tafuta cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Umri wa mtoto ndio huamua ukali wa kifungo.

Msikilize mtoto bila kumhoji mara kwa mara wala kumfunza la kusema. Wakili wa mshtakiwa hatakosa kuuliza ni nani aliyemfunza.

Na jamaa wakija kukushawishi mlimalize jambo hilo nyumbani kwa mbuzi au pesa, kataa. Piga simu nambari 116, bila malipo, usaidiwe. Mtoto wako hana wakili mwingine kabla yako.