Korona: Singapore iliahidi kutunza siri ya simu, kisha polisi wakaingia

Wakaaji wa Beni, Butembo na Mangina wanajua vizuri kazi ya kufuata watu waliomkaribia mgonjwa. Wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, mhudumu wa afya alibisha mlangoni kila siku, kipima joto mkononi, siku 21 mfululizo. Alitaka kujua nani alimgusa mgonjwa, nani alienda kwenye kilio, nani alipanda naye pikipiki moja.

Korona ilipoenea duniani mwaka 2020, serikali kadhaa zilitaka kuipa simu kazi hiyo. Singapore, nchi ndogo ya Asia iliyokuwa na watu wasiofika milioni 6 wakati huo, ilikuwa kati ya zile za kwanza. Tarehe 20 Machi 2020 ilitoa programu ya simu iitwayo TraceTogether.

Ilifanya kazi namna hii: simu mbili zikikaribiana, zilipeana namba za siri kwa njia ya Bluetooth. Programu haikuandika mahali mtu alipo, iliandika tu kwamba simu hii ilikuwa karibu na ile. Namba zilikaa ndani ya simu siku 25, kisha zikafutika. Mtu akikutwa na Korona, wizara ya afya ilimwomba azitume, ili watu waliokuwa karibu naye wajulishwe. Wazee na wengine wasio na simu ya kisasa walipewa kifaa kidogo cha kubeba mfukoni.

Wengi waliogopa kwamba serikali itawapeleleza. Kwa hiyo mwezi Juni 2020, waziri Vivian Balakrishnan aliwahakikishia raia kwamba habari hizo ni za kufuata ugonjwa tu, si kazi nyingine. Polepole watu wakakubali. Mwanzoni mwa 2021, zaidi ya watu milioni 4 walikuwa na programu hiyo au kifaa chake.

Ndipo ukweli mwingine ukatokea. Tarehe 4 Januari 2021, Desmond Tan wa wizara ya mambo ya ndani aliambia bunge kwamba polisi wana haki ya kuchukua habari hizo katika uchunguzi wa makosa ya jinai. Kesho yake Balakrishnan akakiri kwamba alipotoa ahadi yake hakuifikiria sheria hiyo ya jinai. Ikajulikana pia kwamba polisi walikuwa wamekwisha kuitumia katika uchunguzi wa mauaji.

Hakuna aliyesema mwuaji asitafutwe. Lililoumiza ni kwamba mtu alikubali jambo moja, kumbe mlango wa jambo lingine ulikuwa wazi tangu mwanzo. Malalamiko yalikuwa mengi, na mwezi Februari bunge likapitisha sheria mpya: polisi wangeweza kutumia habari hizo kwa aina saba tu za makosa makubwa, kama mauaji, ugaidi, ubakaji na utekaji nyara. Mwaka 2023 programu ilisimamishwa, na serikali ikasema imefuta habari zilizokusanywa, isipokuwa zile za kesi moja ya mauaji.

Kwetu mashariki mwa Kongo, hadithi hii si ya mbali. Tarehe 26 Desemba 2018, tume ya uchaguzi CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi nzima, ikitaja Ebola na usalama mdogo. Kesho yake waandamanaji walishambulia kituo cha Ebola mjini Beni. Kwa watu wengi, ugonjwa ulikuwa umegeuka siasa. Wengine wakaficha wagonjwa, wengine wakakimbia waliporodheshwa. Ebola ya wakati huo iliua watu zaidi ya 2 200.

Singapore ilikuwa na intaneti nzuri na simu karibu katika kila mkono. Sisi tulikuwa na wahudumu waliotembea kwa miguu. Lakini kazi zote mbili zinasimama juu ya jambo moja: mtu akubali kusema alikuwa na nani. Akihisi kwamba jina la jirani yake litafika kwa askari au kwa mwanasiasa, atanyamaza, na ugonjwa utaendelea kutembea.

Magonjwa hayataisha leo. Siku moja mtu atakuja tena mlangoni, na daftari au na simu, akiomba majina. Tumpokee, lakini tumwulize maswali matatu: nani atasoma majina haya, yatafutwa lini, na sheria gani inazuia yasitumike kwa kazi nyingine? Viongozi wakijibu wazi tangu siku ya kwanza, mhudumu atafunguliwa mlango.