Chagua Jiwe Kwanza, Kisha Tochi

Mkulima, hebu fikiri jambo hili. Ni saa nane za usiku, mvua ya masika inapiga mabati, na ng'ombe wako wa gredi, yule ambaye maziwa yake ndiyo yanayolipa karo ya watoto, amelala zizini akisukuma. Unaingiza mkono chini ya kitanda na kutoa tochi. Unabonyeza. Mwanga unatoka mwekundu kama kaa linalokufa, kisha unazimika. Mawe yamekwisha. Duka la karibu liko kilomita tano, nalo limefungwa.

Usiku kama huo hauna nafasi ya kutafuta mawe. Mwanga ndio utakaokuonyesha kama ndama anakuja sawasawa, yaani kwato mbili za mbele na pua imelala juu yake. Ukiona nyayo za kwato zimeelekea juu, huenda anakuja kwa miguu ya nyuma, na yafaa umwite daktari wa mifugo mara moja. Mtu anayepapasa gizani hawezi kuona hayo. Muda ukipotea, ndama hupotea, na pengine mama yake pia.

Wala si ng'ombe tu. Mtoto hushikwa na homa usiku. Nyoka huingia jikoni usiku. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka huko Solai, Nakuru, wakati wa usiku. Tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya kupambazuka, maji yalishuka kwa ghafula Mai Mahiu watu wakiwa wamelala. Mahali pote pawili watu wengi walikufa. Na usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilikatika karibu nchi nzima, hata wale waliozoea kubonyeza swichi ukutani wakabaki gizani. Tochi haizuii maji, lakini humwonyesha mtu njia ya kupanda mlimani na watoto wake.

Koroboi si taa ya zizini

Watu wengine husema, "Mimi nina koroboi, yatosha." Hapana, haitoshi. Moto ulio wazi, ukipelekwa penye nyasi kavu, majani ya mahindi au magunia, unaweza kuteketeza ghala na zizi kwa dakika chache. Upepo huizima, na ng'ombe akitupa teke, mafuta humwagika. Iache koroboi, kazi ya nje ni ya tochi.

Wengine hutegemea tochi ya simu. Hiyo yafaa kwa kutafuta kiatu, lakini usiifanye taa ya usiku kucha. Simu ni mdomo wako wa kuita msaada. Ukiimaliza nguvu kwa kumulika, utamwitaje daktari wa mifugo, au jirani, au polisi kwa namba 999 au 112?

Uliza jiwe kabla ya kuuliza tochi

Hakuna mkulima anunuaye plau kabla ya kujua ng'ombe watakaoikokota. Lakini watu wengi hununua tochi kwa kuitazama rangi yake, kisha ndipo waulize inatumia mawe gani. Bei ya tochi hulipwa mara moja. Bei ya mawe hulipwa miaka yote. Piga hesabu: tochi inayokula mawe mawili kila majuma mawili, kwa mwaka mmoja itakula mawe 52. Kwa hiyo anza na jiwe.

Nenda kwenye duka lililo karibu na shamba lako, uangalie ni mawe gani yapatikanayo siku zote. Tochi itumiayo jiwe lisilopatikana ila mjini haina faida usiku wa mvua. Kisha angalia redio yako inatumia jiwe gani. Tochi na redio zikila jiwe la namna moja, basi la redio laweza kuokoa tochi usiku wa shida.

Sasa jifunze kusoma alama zilizoandikwa ubavuni mwa jiwe. Jiwe kubwa la tochi za zamani huitwa D, nalo huandikwa R20. Jiwe dogo linalotumiwa sana ni AA, na alama yake ni R6. Lililo jembamba zaidi ni AAA, au R03. Ukiona herufi L mbele ya alama hiyo, yaani LR20, LR6 au LR03, ujue kwamba ni jiwe la alkalini. Hilo bei yake ni kubwa zaidi, lakini hudumu kazini mara mbili au zaidi kuliko lile la kawaida, na huweza kukaa akibani miaka mitano na kupita bila kuharibika. Jiwe la kawaida halivumilii hivyo. Basi la kawaida laweza kutumika katika redio ya kila siku, lakini jiwe la akiba, lile la kungojea usiku wa hatari, na liwe la alkalini.

Yako pia mawe ya kuchajiwa, ambayo alama yake huanza na HR. Haya ni mazuri kwa nyumba yenye stima au sola, kwa maana hutumika tena na tena. Lakini mengi yake hupungukiwa na nguvu hata yakikaa bure, kwa hiyo ni lazima yachajiwe kila mwezi.

Taa za sola nazo zimesaidia watu wengi, ila zikumbuke siku za ukungu. Jua lisipotoka siku tatu, kama ilivyo kawaida Kinangop, taa hiyo haishibi. Iwe nayo, lakini iwe pamoja na tochi ya mawe.

Tochi gani yafaa?

Nunua tochi ya LED. Glopu ya zamani yenye waya mwembamba iligeuza sehemu kubwa ya nguvu za jiwe kuwa joto bure. LED hutoa mwanga mwingi kwa nguvu kidogo, na haikatiki waya ikianguka.

Kwa kazi ya zizini, tochi ya kufungwa kichwani ndiyo bora. Mtu anayevuta ndama, au anayefunga kidonda, ahitaji mikono yote miwili. Kwa kutembea na kutazama mbali, chukua tochi ya mkononi. Ukiweza kununua moja tu, nunua ile ya kichwani, kwa sababu waweza kuishika mkononi vilevile.

Nguvu ya mwanga hupimwa kwa lumeni. Lumeni 50 zatosha kutembea njiani, na 100 hadi 200 zatosha kazi ya zizini. Ukiona tochi ya bei ndogo imeandikwa maelfu ya lumeni, usiamini haraka. Karatasi huandikwa lolote. Tafuta pia alama ya maji. IPX4 maana yake haidhuriwi na maji ya kurushwa, kama mvua. IPX7 maana yake yaweza kuzama majini mita moja kwa nusu saa.

Kabla ya kulipa, ifungue tochi mbele ya mwenye duka. Tazama springi: je, ina kutu? Washa na uzime mara kumi. Itikise ikiwa imewaka. Mwanga ukikatika dukani, utakatika na zizini pia.

Tunza mawe kama mbegu

Mkulima mwema huweka mbegu katika chombo kikavu, mbali na joto. Fanya vivyo hivyo kwa mawe. Yaweke katika mkebe wa plastiki wenye kifuniko, mbali na meko, wala usichanganye na misumari au sarafu, kwa maana chuma kikigusa ncha zote mbili jiwe hupata moto na kuharibika.

Usichanganye jiwe jipya na kuukuu, wala alkalini na la kawaida. Lenye nguvu humbeba mnyonge mpaka mnyonge atoe maji yake, na tochi huoza ndani. Ukikuta maji hayo au unga mweupe, usiguse kwa mkono mtupu na kisha kujipangusa macho.

Iko desturi ya kuanika mawe juani au kuyauma kwa meno ili yapate nguvu. Acha desturi hiyo. Ndani ya jiwe la kawaida, kopo la zinki ndilo linaloliwa ili nguvu ipatikane. Joto laweza kuamsha masalio kwa muda mfupi tu, halafu kopo hutoboka. Jiwe lililokwisha limekwisha.

Usitupe mawe motoni, yaweza kupasuka. Usiyatupe karibu na kisima, wala usiwape watoto wayavunje. Vijiwe vidogo mfano wa vifungo vya shati ni vya hatari kupita vyote: mtoto akimeza, huunguza koo kwa muda wa saa mbili tu, na lazima apelekwe hospitali papo hapo. Na tochi za kuchaji zenye betri ya lithiamu usizichaji juu ya godoro wakati mmelala. Betri ikivimba, usiichaji tena.

Msumari mmoja, siku moja

Sasa twaja kwenye jambo kubwa, nalo halina gharama. Pigilia msumari mmoja karibu na mlango. Hapo ndipo nyumba ya tochi. Atakayeichukua, awe baba, mama au mtoto, airudishe hapo. Tochi nzuri isiyojulikana ilipo si tochi.

Tochi ya msumarini ikae na mawe yake ndani, tayari. Tochi ya pili, ile ya akiba, itoe mawe ili isioze. Weka seti mbili kamili za mawe mapya ndani ya mkebe, na uandike juu yake mwezi na mwaka uliozinunua.

Kisha chagua siku moja ya mwezi ya kupima tochi. Siku ya malipo ya maziwa yafaa sana, kwa sababu hakuna anayeisahau. Siku hiyo washa kila tochi kwa dakika tano. Ikififia, badilisha mawe siku hiyo hiyo, fedha zikiwa bado mkononi. Jioni moja, zima taa zote, uwaambie watoto waifikie tochi gizani na kuonyesha njia ya kwenda mahali pa juu. Watacheka, lakini watajifunza. Waambie pia kwamba tochi si ruhusa ya kuvuka mto uliofurika. Mwanga huonyesha uso wa maji, hauonyeshi kina chake.

Mkulima, umevumilia mengi kulistawisha shamba lako. Ng'ombe wako hatakuuliza kama maduka yamefungwa. Leo, kabla jua halijatua, nenda ukaibonyeze ile tochi iliyo chini ya kitanda, uone itakujibu nini.