Nusukaputi na misuli isiyongoja amri

Ukilazwa kwa upasuaji, tuseme pale Hospitali ya Moi, Voi, mtaalamu wa nusukaputi atakuuliza kama una pumu. Usimfiche! Halotheni, dawa ya kuvuta iliyoanza kutumika 1956, hupunguza kalsiamu inayoingia katika misuli laini, ile isiyongoja amri yako; hata kalsiamu iliyomo huikaza kwa shida. Mwenye pumu hufaidika: njia za pumzi hutanuka. Lakini kwa mama wa Taita anayejifungulia mezani, mambo ni mengine. Mji wa mimba usipojikaza baada ya kondo kutoka, damu haikomi. Ndiyo sababu dawa hiyo hupunguzwa mtoto atokapo, au mama huchomwa sindano ya ganzi mgongoni, akabaki macho, akasikia mwanawe akilia.