Kodi juu ya michezo ya video ya kuua: je, itawalinda watoto wetu?



Wazazi wa Kongolo wanatuuliza swali hili mara nyingi: kwa nini serikali haitozi kodi kubwa ile michezo ya video ambamo watoto wanapiga watu risasi tangu asubuhi hadi jioni? Mama aliyetuuliza mara ya mwisho alikuwa amempa mtoto wake franga za kununua unga. Mtoto alirudi usiku, bila unga na bila franga.

Wengi wenu mnavijua vyumba hivyo. Nyumba ya matofali, bati juu, paneli ya jua, betri mbili, televisheni moja, na watoto kumi kwenye benchi wakingojea zamu. Mwenye franga anacheza, asiye nazo anaangalia. Wengine wanacheza mpira, wengine wanashika bunduki ya kwenye televisheni na kuhesabu waliowaua. Walio wakubwa kidogo wanacheza Free Fire katika simu zao, maadamu wana mega.

Siku moja tulikwenda katika chumba kama hicho kumtafuta kijana wa kwaya. Nje tulimkuta mwingine tunayemfahamu, ameketi chini, ameupa mlango mgongo. Kijana huyo aliwahi kuishi msituni pamoja na watu wa silaha kabla ya kurudi kwao. Tulimwuliza kwa nini hachezi na wenzake. Akajibu, "Pasta, ile sauti." Hakuongeza neno.

Ndiyo maana hapa kwetu swali hili ni zito. Katika jimbo la Tanganyika watoto wengi wameijua bunduki kabla ya kuijua televisheni. Mapigano kati ya Watwa na Waluba, yaliyopamba moto tangu 2016, pamoja na makundi ya Mai-Mai, yamewakimbiza watu wengi kutoka vijiji vyao. Na wazee wa mji huu hawajasahau tarehe 1 Januari 1962, siku wamisionari Wakatoliki walipouawa hapa Kongolo na askari. Basi tulitazame jambo hili kwa utulivu, hatua kwa hatua.

Kodi ya namna hii ni nini?

Serikali nyingi hutoza ushuru wa pekee juu ya vitu vinavyodhuru. Katika nchi yetu bia na sigara zina ushuru huo, na DGDA ndiyo inayoukusanya. Shabaha ni mbili: bei ipande ili watu wapunguze kutumia, na hazina ipate fedha za kurekebisha madhara.

Kuna nchi zilizotaka kufanya hivyo kwa michezo ya video. Huko Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, mwaka 2019 ulitolewa mswada wa kutoza asilimia 10 juu ya michezo yenye ukatili, ili fedha zilinde usalama wa shule. Haukupita. Mwaka 2025 serikali ya Mexico ilipendekeza asilimia 8, na kabla ya mwaka kwisha ikauacha mpango huo. Hata kuzuia tu kumekuwa kugumu: jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2005 ya kukataza kuwauzia watoto michezo hiyo, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta kwa kura 7 dhidi ya 2, ikisema michezo inalindwa na uhuru wa kusema, kama vile vitabu.

Je, michezo hii huzaa wauaji?

Hapa inatupasa kusema kweli, hata pale ambapo ukweli haulingani na mahubiri yetu. Kuhusu sigara waganga wanakubaliana: inaua. Kuhusu michezo hawajafika hapo. Mwaka 2020 chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, kilieleza kwamba michezo yenye ukatili inaendana kwa kiasi kidogo na ukali wa kawaida, kama kufoka na kusukumana, lakini ushahidi hautoshi kusema kwamba ndiyo sababu ya mauaji. Nasi tunaona hivyo kwa macho yetu: walioichukua mitutu katika jimbo letu hawakufundishwa na PlayStation. Walichukuliwa kwa nguvu, au walisukumwa na njaa, kisasi na ahadi za wakubwa.

Lakini kuna dhara jingine lisilo na ubishi mkubwa. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilikubali mwaka 2019 kuuweka utumwa wa michezo ya video katika orodha yake ya magonjwa. Ni pale mtu anaposhindwa kujizuia, akiacha masomo, usingizi na watu wa nyumbani kwa ajili ya mchezo. Tazameni basi: utumwa huo hauchagui mchezo wa bunduki peke yake. Mchezo wa mpira nao unaweza kumla mtoto siku nzima. Kodi inayotafuta damu kwenye televisheni itauacha mpira upite, na yule mtoto wa unga atabaki mahali pale pale.

Kodi itamwangukia nani?

Tuseme sheria inatoka Kinshasa kesho. Itakusanywaje Kongolo? Michezo mingi ya vyumba vyetu haikununuliwa dukani. Imenakiliwa kutoka flashi hadi flashi. Asilimia 10 ya kitu kisicho na bei ni sifuri. Free Fire nayo, ya kampuni Garena ya Singapore, hupakuliwa bure. Kampuni hupata faida kwa kuuza "almasi" na mavazi ndani ya mchezo, na watoto wetu wengi hawanunui. Kwa hiyo kuna mahali pawili tu ambapo kodi hiyo ingeweza kushika hapa: kwenye mega, au kwenye mfuko wa mwenye chumba.

Kuhusu mega na simu, tumekwisha kuonja. Tangu Septemba 2020 tulikatwa RAM: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu za 3G na 4G, ikitolewa ndani ya unite zetu. Tuliambiwa ni kwa ajili ya kupambana na simu za wizi na za bandia. Mama mwenye kuuza samaki alikatwa sawasawa na mwizi wa simu. Watu walilalamika, Bunge likahoji, na mwaka 2022 ikaondolewa.

Jirani zetu wa Uganda walipita njia hiyo hiyo. Tarehe 1 Julai 2018 serikali yao ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao kama WhatsApp na Facebook. Rais wao alikuwa amelalamikia umbea wa mitandaoni. Wengi walitafuta njia za kuikwepa. Mwaka 2021 iliachwa, na mahali pake pakawekwa asilimia 12 juu ya mega za intaneti. Kodi iliyoanza kwa kuulenga umbea ikaishia kumlipisha hata mwanafunzi anayetafuta somo.

Na mwenye chumba? Yeye angetembelewa na mtu mwenye karatasi na muhuri, kisha mwingine, kisha wa tatu. Ninyi mnafahamu. Angelipa, angepandisha bei kidogo, na mtoto angetafuta hizo franga za nyongeza mahali pengine, tena tungekuwa tumempa mwenye chumba haki ya kusema, "Mimi nimelipa, msiniulize anayeingia ana miaka mingapi."

Fedha ya damu

Katika Mathayo 27 Yuda anarudisha vile vipande 30 vya fedha. Makuhani wanakataa kuviweka katika hazina ya hekalu kwa sababu ni bei ya damu, wananunua nacho shamba la kuzikia wageni. Ni watu waangalifu sana! Wanajua fedha hiyo isiingie wapi. Lakini yule aliyeuzwa wamekwisha kumtia mikononi mwa Pilato, na juu yake hawana swali.

Habari hiyo ilitugusa sisi wenyewe, kwa maana mmoja wa wenye vyumba hivyo ni mshiriki wa kanisa letu, na zaka yake tumeipokea miaka kadhaa. Tulikuwa tunaihukumu serikali, kumbe nasi tuna kodi yetu juu ya michezo hiyo. Tulikwenda kwake, wazee wa kanisa pamoja nasi. Alitusikiliza, kisha akasema chumba hicho ndicho kinacholipa ada ya watoto wake wa sekondari. Alisema kweli. Hatukumwambia afunge.

Tulipatana mambo matatu: asipokee mtoto wakati wa masomo, michezo ya kuua isichezwe wakiwapo wadogo, na saa kumi na mbili jioni watoto warudi kwao. Huko Ulaya michezo ina alama ya umri, PEGI, tangu 2003, na ile ya kuua kwa wazi mara nyingi imeandikwa 18. Flashi yetu haina alama, basi mwenye chumba mwenyewe ndiye awe alama.

Baada ya mwezi alirudi kwetu. Watoto wamepungua, alisema. Wamehamia chumba cha barabara ya pili, ambacho hakina masharti. Yule aliyetii ndiye aliyepata hasara.

Tuombe nini, tufanye nini?

Hapo ndipo tulipoelewa kazi ya serikali. Warumi 13 inatufundisha kulipa kodi, nasi tunalipa. Lakini inaeleza pia kwamba mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Jema ambalo kanisa haliwezi kulifanya peke yake ni kuweka sharti moja kwa vyumba vyote, ili mtiifu asiadhibiwe kwa utii wake. Saa za kufungua, umri wa kuingia, na mkuu wa kartie kupita kutazama bila kudai kitu. Yohana Mbatizaji aliwaagiza watoza ushuru, katika Luka 3, wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Nchi yetu ina sheria ya kumlinda mtoto tangu tarehe 10 Januari 2009. Tunawaomba wakubwa wetu waanzie hapo.

Kama siku moja kodi italazimika kuwapo, iwaangukie makampuni makubwa juu ya yale wanayouza ndani ya mchezo, na isiguse mega za mama. Hesabu yake isomwe hadharani, na fedha ziende kwa vijana kama yule aliyeketi nje ya mlango, wapate ufundi, masomo, na mtu wa kuwasikiliza. Bila hivyo, itakuwa karatasi moja zaidi kati ya nyingi tulizo nazo.

Na sisi? Jumamosi mchana sasa tunaufungua uwanja wa kanisa: mpira mmoja, ngoma mbili, na mtu mzima mmoja anayekaa hadi mwisho. Mwenye chumba ndiye aliyeleta wavu. Yule kijana huja pia. Hachezi bado, lakini anaketi upande wa ndani wa uwanja. Mtuombee, nanyi wazazi, mtoto akirudi jioni, mwulizeni kwanza alikuwa wapi, na mkae naye hadi amalize kuwasimulia.