Asubuhi za Bukoba: Ziwa, Dhoruba na Ndege Inayotua

Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilikuwa ikishuka kutua Bukoba. Mvua ilikuwa kubwa, upepo mkali. Ilipokaribia saa 3 asubuhi ilianguka Ziwa Victoria, jirani kabisa na uwanja. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walipoteza maisha na 24 wakanusurika.

Ugumu wa kutua hapo asubuhi unaanzia kwenye ziwa lenyewe. Ziwa Victoria, lenye zaidi ya kilomita za mraba 68,000, hujitengenezea hali yake ya hewa. Usiku nchi kavu hupoa upesi ilhali maji hubaki na joto. Pepo kutoka kila ufuo huvuma kuelekea ziwani, zikakutana, na hewa yenye unyevu ikalazimika kupanda. Huko juu hupoa na kuwa mawingu mazito ya radi. Pepo za mashariki huyasukuma mawingu hayo hadi ufuo wa magharibi, ilipo Bukoba, mji unaopata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mara nyingi dhoruba hizo hufika alfajiri na asubuhi.

Ndege ya aina ya ATR 42 hushuka kwa mteremko wa nyuzi 3 hivi, ikienda karibu kilomita 200 kwa saa na kupoteza kimo cha mita 3 kila sekunde. Ikiwa mita 100 juu ya maji, imebakiza kama nusu dakika tu. Chini ya wingu la radi, hewa iliyopozwa na mvua huweza kuporomoka na kutawanyika pande zote. Ndege inayopita hapo hupokea kwanza upepo wa mbele unaoiinua. Muda mfupi baadaye upepo hutokea nyuma, na mabawa hupungukiwa nguvu ghafla. Macho nayo hudanganyika: maji kwenye kioo hupindisha mwanga, na juu ya ziwa hakuna mti wala nyumba ya kupimia kimo.

Kwa hiyo marubani hufundishwa kuamini vipimo na kutii maonyo ya kushuka kwa kasi mno. Njia ya kutua isipoonekana, au mshuko usipotulia, huongeza nguvu ya injini na kupanda, kisha hujaribu tena au huenda uwanja mwingine. Rubani anayeghairi kutua anastahili shukrani ya abiria, hata kama wamechelewa msiba au harusi.

Siku ile ya ajali, wavuvi ndio waliotangulia kufika. Mmoja wao, kijana, alisimulia kuwa alitumia kasia kuufungua mlango wa nyuma, na watu wakatoka. Mabawa ya ATR yamefungwa juu ya kiwiliwili, kwa hiyo ndege ikiwa majini, chumba cha abiria huzama mapema, na kila dakika ina thamani ya uhai.

Uwanja uliopakana na ziwa unahitaji boti zenye mafuta, wazamiaji walio tayari na mazoezi ya pamoja na wavuvi. Ratiba za ndege nazo zipangwe kwa kuzingatia saa za dhoruba, maana saa hizo zinajulikana.